UCHAMBUZI: Sindano ya HIV na siri ya barabara zilizomo ndani ya seli

MNAMO Juni 2024, kampuni ya dawa ya Gilead ya Marekani ilitangaza matokeo ambayo watafiti wa Ukimwi hawakuwa wameyazoea. Kati ya wanawake na wasichana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliodungwa dawa ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa virusi vya HIV. Katika kundi jingine la wanawake 1,068 waliopewa tembe za kumeza kila siku, 16 waliambukizwa. Kundi la tatu, la wanawake 2,136 waliopewa tembe za aina mpya zaidi, liliandikisha maambukizi 39.

Tangu hapo, mjadala kuhusu dawa hiyo umekuwa wa bei, mikataba na orodha ya nchi zitakazotangulia kuipata. Ni mjadala wa haki na hauna budi kuendelea. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo limepewa nafasi finyu mno: dawa yenyewe hufanya nini mwilini hata sindano moja iwe kinga ya nusu mwaka?

Jibu limo ndani ya seli, katika mfumo wa nyuzi na njia ambao virusi huuteka na kuutumia kama kwamba ulijengwa kwa ajili yao. Ni jibu lililochukua zaidi ya miaka 20 kupatikana, na jinsi lilivyopatikana ina uhusiano mkubwa na maamuzi ya fedha yanayofanywa Washington, na hata Nairobi.

Aghalabu picha ya seli katika vitabu vya shule ni ya mfuko uliojaa maji, kiini kikiwa katikati kama kokwa ya embe. Picha hiyo inapotosha. Seli ina kiunzi. Kama vile jahazi linavyoshikiliwa na mataruma, na nyumba ya udongo na fito zake, ndivyo seli inavyoshikiliwa na nyuzi za protini zinazoipa umbo na nguvu. Tofauti ni kwamba taruma likishapigiliwa misumari halihami, ilhali kiunzi cha seli hujengwa na kubomolewa kila dakika, upande mmoja ukiota huku mwingine ukiyeyuka.

Nyuzi hizo ni za aina kadhaa lakini mbili ndizo zinazohusika hapa. Ya kwanza ni aktini, nyuzi nyembamba zenye upana wa takriban nanomita 7, zilizosukwa chini ya utando wa seli mithili ya ukindu wa mkeka. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ya pili ni mirija midogo yenye upana wa nanomita 25, inayotandaa kutoka karibu na kiini hadi pembezoni mwa seli.

Mirija hiyo ndiyo barabara za seli. Juu yake hupita protini ambazo kazi yake ni uhamali mtupu. Zile ziitwazo dainini hubeba mizigo kuelekea kiini, na zile ziitwazo kinesini aghalabu huelekea nje. Hatua moja ya hamali wa aina hii ni takriban nanomita 8, na kila hatua hulipiwa kwa nishati ya seli.

Seli za CD4, ambazo huratibu kazi ya kinga ya mwili na ndizo zinazolengwa na HIV, hutegemea kiunzi hiki kuliko seli nyingi nyingine. Hazikai mahali pamoja. Husafiri katika damu, hupenya kuta za mishipa, hujipitisha ndani ya matezi na hukumbatiana na seli nyingine ili kupashana habari za adui. Kujinyoosha huko na kukumbatiana huko ni kazi ya aktini na mirija. Seli ya kinga isiyoweza kusogea ni sawa na askari aliyefungwa miguu.

Kwa muda mrefu, maelezo ya jinsi HIV inavyoingia katika seli yaliishia mlangoni. Ilijulikana tangu miaka ya 1980 kwamba kirusi hushika protini ya CD4 iliyo juu ya seli. Mnamo 1996, watafiti wakatambua vipokezi viwili vya ziada ambavyo kirusi huvihitaji, CXCR4 na CCR5. Ugunduzi huo ulieleza kwa nini baadhi ya watu wa asili ya Ulaya, waliozaliwa bila CCR5 inayofanya kazi, hawaambukizwi kwa urahisi. Aidha, ndio uliozaa dawa ya maraviroc iliyoidhinishwa Marekani mnamo 2007.

Lakini nyuma ya mlango kuna ukuta. Seli nyingi za CD4 mwilini zimo katika hali ya mapumziko, zikisubiri wito. Katika hali hiyo mkeka wa aktini chini ya utando umetulia na kukaza. Kirusi kilichofungua mlango hujikuta kimekwama ukumbini.

Mnamo 2008, kundi la watafiti likiongozwa na Yuntao Wu wa Chuo Kikuu cha George Mason, jimbo la Virginia, lilichapisha katika jarida la Cell maelezo ya jinsi kikwazo hicho kinavyovukwa. Protini ya ganda la nje la HIV inapogusa kipokezi cha CXCR4, haifungui mlango tu. Inatuma ishara ndani. Seli, kwa kudhani imepokea wito wake wa kawaida wa kuhamia kwingine, inaamsha protini iitwayo kofilini ambayo kazi yake ni kukata nyuzi za aktini. Mkeka unalegea na kirusi kinapita. Kikulacho ki nguoni mwako, chambilecho wahenga: anayebomoa ukuta si mwizi bali ni mwenye nyumba.

Mnamo 2019, Wu na wenzake waliripoti katika jarida la Science Advances kwamba seli za CD4 za watu wanaoishi na HIV huwa na kofilini iliyoamshwa kupita kiasi, na kwamba hali hiyo hubaki hata kwa watu wanaotumia ARV. Habari hiyo haikupata vichwa vya habari. Ilistahili kupata, kwa sababu inagusa swali ambalo madaktari wa kliniki za Ukimwi hukabiliana nalo kila wiki: kwa nini baadhi ya wagonjwa ambao damu yao haionyeshi virusi tena bado hawarejeshi kinga yao kikamilifu? Seli ambayo kiunzi chake kimevurugwa haihami ipasavyo, na isipohama haifanyi kazi yake.

Kirusi kikishavuka ukuta, safari ndiyo kwanza inaanza. Kinachosafiri si kirusi kizima bali ni ganda lake la ndani, kapsidi, lenye umbo la pia na urefu wa takriban nanomita 120. Ndani yake mmehifadhiwa chembechembe za urithi za kirusi pamoja na vimeng'enya vya kuzinakili. Mzigo wa ukubwa huo hauwezi kuachwa uelee. Ndani ya seli kumesongamana protini kiasi kwamba kitu kikubwa namna hiyo kingezubaa mahali pamoja hadi walinzi wa ndani wakitambue.

Ndipo kirusi huwaita mahamali. Mnamo 2002, David McDonald, Thomas Hope na wenzao nchini Marekani walivitia virusi protini inayong'aa kijani, kisha wakavitazama kwa hadubini vikiwa ndani ya seli hai. Walichokiona ni virusi vikiandama mirija midogo kuelekea kiini. Walipozuia dainini kufanya kazi, virusi vilikwama pembezoni mwa seli.

Tafiti zilizofuata zimetatiza picha hiyo badala ya kuirahisisha. Maabara ya Mojgan Naghavi, ambayo kwa sasa iko Chuo Kikuu cha Northwestern, ilionyesha mnamo 2015 kwamba kapsidi hujishikiza pia kwa protini iitwayo FEZ1, ambayo ni kiunganishi cha kinesini. Hilo linashangaza, madhali kinesini huvuta kuelekea nje. Inaelekea kwamba kapsidi huvutwa na mahamali wawili wanaoelekea pande tofauti, huyu akishinda sasa na yule baadaye, almuradi mzigo ufike. Maabara hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha kuwa kirusi huimarisha barabara kabla ya kuipita, kwa kuifanya mirija isibomoke upesi kama kawaida yake.

HIV si mwizi wa kwanza kutumia ujanja huu. Virusi vya kichaa cha mbwa na vya malengelenge husafiri katika neva kwa mirija hiyo hiyo. Virusi vya jamii ya ndui hutumia aktini kujisukuma kutoka seli moja hadi nyingine kama fataki. Kinachoitenga HIV ni kwamba seli inazoteka ndizo zilizopaswa kuikamata.

Kituo cha mwisho ni lango la kiini. Hapa ndipo vitabu vilipohitaji kuandikwa upya. Kwa miaka mingi wanafunzi wa biolojia walifundishwa kwamba kapsidi huvunjika mara tu inapoingia katika seli, na kwamba ni yaliyomo ndani tu yanayofika kwenye kiini. Sababu ya imani hiyo ilikuwa ya kipimo: lango la kiini lilidhaniwa kuwa jembamba kuliko kapsidi.

Mnamo 2021, watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha kapsidi nzima zikiwa ndani ya malango hayo katika seli za CD4. Malango yenyewe yalipopimwa ndani ya seli yalikuwa na upana wa takriban nanomita 64, yanayotosha kupitisha kapsidi ambayo upande wake mnene ni takriban nanomita 60.

Lakini upana peke yake hautoshi. Lango la kiini limejaa nyuzi za protini zilizosongamana kama pazia la shanga, na kitu kisicho na kibali hakipiti. Mnamo 2024, makundi mawili tofauti, moja la Marekani na jingine la Australia, yalionyesha katika jarida la Nature kwamba kapsidi huiga tabia ya protini maalumu ambazo seli imezipa ruhusa ya kuvusha mizigo. Ina vishimo vidogo juu yake, na nyuzi za pazia hujichomeka ndani ya vishimo hivyo moja baada ya nyingine hadi kapsidi inavutwa ndani. Ni mgeni aliyeghushi kitambulisho cha mlinzi.

Lenacapavir inakaa katika kishimo hicho hicho.

Hapo ndipo palipo kiini cha habari yote. Kapsidi imeundwa kwa takriban protini 1,500 za aina moja, zilizojipanga sita-sita isipokuwa mahali 12 ambapo zimejipanga tano-tano, ili ganda lipate kujipinda na kujifunga. Msomaji akihesabu vipande vyeusi vya pembetano kwenye mpira wa kandanda wa mtindo wa zamani atapata idadi iyo hiyo, 12, kwa sababu ile ile ya kihesabu. Ganda la namna hii linahitaji kuwa gumu kiasi cha kustahimili safari na laini kiasi cha kufunguka mwisho wa safari. Lenacapavir hujibana kati ya protini zake na kuzikaza kupita kiasi. Ganda likikakamaa hupasuka, na vishimo vikizibwa hakuna kibali cha kupita langoni. Fauka ya hayo, virusi vipya vinavyotengenezwa katika seli iliyokwisha kuambukizwa huundwa vikiwa na kapsidi zilizoharibika umbo.

Kuna somo la mkakati hapa. Dawa zinazoharibu barabara zenyewe zipo tangu zamani: paclitaxel inayotumiwa kutibu saratani na colchicine inayotumiwa kutibu jongo, zote huvuruga mirija midogo. Hakuna daktari ambaye angempa kijana mzima dawa ya saratani ili kumkinga dhidi ya HIV, kwani seli zote za mwili zinahitaji barabara hizo. Ilibidi kulenga gari na kuiacha barabara. Na ili kulilenga gari, ilibidi kwanza mtu ajue kwamba lilikuwa zima wakati wote wa safari, jambo ambalo wataalamu wengi hawakuliamini.

Kemia ya lenacapavir ni kazi ya Gilead na haifai kuipuuza. Hata hivyo, ujuzi kuhusu kapsidi ulitoka kwa sehemu kubwa katika maabara za vyuo vikuu, ikiwemo ya Wesley Sundquist katika Chuo Kikuu cha Utah, ambayo imekuwa ikiichunguza tangu miaka ya 1990 kwa fedha za umma za Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiahidi sindano. Mlipa kodi wa Marekani alikuwa akilipia udadisi tu kuhusu umbo la ganda.

Mnamo 2025 utawala wa Rais Donald Trump ulipendekeza bajeti ya NIH ya mwaka uliofuata ipunguzwe kwa takriban asilimia 40. Mapema mwaka huo misaada ya kigeni ya Marekani ilisitishwa ghafla, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Miongoni mwa waathiriwa walikuwa wanasayansi wa Kiafrika wa muungano wa BRILLIANT, wakiongozwa kutoka Afrika Kusini, waliokuwa karibu kuanza majaribio ya chanjo ya HIV. Aidha, miradi miwili mikubwa ya utafiti wa chanjo nchini Marekani kwenyewe iliarifiwa kwamba ufadhili wake hautaongezwa muda.

Wapo wanaosema kwamba chanjo haina umuhimu tena maadamu sindano ipo. Hoja hiyo ni ya haraka mno. Njia za virusi ndani ya mwili ni zaidi ya ile moja ya kuelea katika damu. Mnamo 2004, Clare Jolly na Quentin Sattentau walieleza jinsi seli iliyoambukizwa inavyojibandika kwa seli nzima na, kwa msaada wa aktini, kutengeneza kivuko ambacho virusi hupitishwa kwa wingi bila kutoka nje. Mnamo 2008, watafiti wa Chuo cha Imperial, London, walionyesha vijinyuzi vyembamba virefu vinavyounganisha seli mbili za kinga zilizokwisha kuachana, na virusi vikivitumia kama daraja la kamba. Utafiti mwingine wa 2011 ulionyesha kuwa virusi vinavyosambaa kwa njia ya kivuko hustahimili baadhi ya dawa kuliko vile vinavyoelea. Mambo hayo hayajamalizwa kuchunguzwa, na fedha za kuyachunguza ndizo zinazokatwa.

Kenya si mtazamaji katika habari hii. Tangu 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, marehemu Frank Plummer akiwa mmoja wa waanzilishi, walifuatilia afya ya wanawake wanaouza ngono mtaani Majengo, Nairobi. Waligundua jambo lililoushangaza ulimwengu: baadhi ya wanawake hao hawakuambukizwa licha ya kukutana na virusi kwa miaka mingi. Ripoti ya kisayansi kuhusu ukinzani wao ilichapishwa katika jarida la The Lancet mnamo 1996.

Mojawapo ya maelezo yaliyopendekezwa baadaye ni kwamba seli za kinga za wanawake hao zilikuwa tulivu kuliko za wengine. Hazikuamka ovyo. Mtu akiyasoma maelezo hayo sambamba na utafiti wa kofilini hawezi kukosa kuona udugu uliopo, kwani seli tulivu ni seli ambayo mkeka wake wa aktini umekaza. Hilo si thibitisho, ila ni aina ya swali ambalo maabara ya Nairobi ingestahili kuwa ya kwanza kulishughulikia, kwa kuwa data ilitoka Majengo. Kundi hilo la watafiti lilijaribu pia, kwa wanawake wa Nairobi, kama aspirini ingeweza kupunguza seli zinazolengwa na HIV katika njia ya uzazi. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba zilipungua, ingawa hilo halikuwa jaribio la kupima maambukizi yenyewe.

Kwa upande wa fedha, Kenya ina sheria nzuri na mazoea mabaya. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe kiasi kinacholingana na asilimia 2 ya Pato la Taifa kila mwaka. Serikali tatu zimepita mikononi mwa sheria hiyo na kiwango hicho hakijafikiwa. Ni rahisi kulaumu Washington kwa kufunga mfereji, lakini mfereji wa nyumbani haujawahi kufunguliwa sawasawa.

Wakenya wenye umri wa kutosha wana sababu ya kutilia shaka habari za dawa za ajabu. Mnamo 1990, Rais Daniel arap Moi alitangaza hadharani dawa ya Kemron iliyokuwa imefanyiwa utafiti katika taasisi ya KEMRI. Watu walisafiri kutoka mbali kuitafuta. Majaribio yaliyofuata chini ya usimamizi wa Shirika la Afya Duniani, WHO, hayakuona manufaa yake. Mwanzo wa janga ulikuwa na kiu ya aina hiyo: mgonjwa wa kwanza alitambuliwa nchini mnamo 1984, na ilichukua miaka 15 hadi Moi alipolitangaza kuwa janga la taifa Novemba 1999.

Lenacapavir ni tofauti na Kemron kwa jambo moja la msingi. Njia yake ya kufanya kazi inajulikana hatua kwa hatua, na majaribio yake yalihusisha maelfu ya watu kabla ya mwanasiasa yeyote kusimama jukwaani. Jaribio la pili, lililowahusu wanaume na watu wa jinsia nyingine katika nchi saba, lilikuwa na maambukizi mawili kati ya watu 2,179 waliodungwa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa kinga mnamo Juni 2025, na WHO ikaipendekeza mwezi uliofuata wakati wa kongamano la kimataifa jijini Kigali.

Kwa mtumiaji, utaratibu ni sindano za chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya wiki 26, pamoja na tembe kwa siku mbili za mwanzo. Hilo ni jambo kubwa kwa msichana wa Homa Bay au Siaya. Kenya ilianza kutoa tembe za kinga za kila siku kote nchini mnamo Mei 2017, lakini tembe zina chupa, chupa hutoa sauti ndani ya mkoba, na mama mkwe ana masikio. Kulingana na takwimu za Baraza la Kitaifa linalodhibiti maradhi hayo, NSDCC, maambukizi mapya nchini yalipanda hadi karibu 20,000 mnamo 2024, kutoka chini ya 17,000 mwaka uliotangulia.

Bei ndiyo fumbo. Nchini Marekani dawa hiyo ilitangazwa kwa dola 28,218 kwa mwaka, zaidi ya Sh3.6 milioni. Mnamo Oktoba 2024, Gilead iliruhusu kampuni sita kutengeneza nakala halali za dawa hiyo kwa ajili ya nchi 120, Kenya ikiwemo. (Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambazo raia wao walijitolea katika jaribio la pili, ziliachwa nje, na hilo litabaki doa.) Septemba 2025 ilitangazwa kwamba nakala kutoka kwa kampuni mbili za India, Dr. Reddy's na Hetero, zitauzwa kwa takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Hiyo ni kama Sh5,200.

Kabla ya hapo, nchi za Afrika zilitegemea shehena zinazonunuliwa na mpango wa Marekani wa PEPFAR pamoja na Hazina ya Dunia, zilizoahidi kuwafikia watu milioni mbili kwa miaka mitatu. Eswatini na Zambia zilipokea shehena za kwanza Novemba 2025, na Kenya iliorodheshwa katika kundi hilo la kutangulia. Lakini Marekani ilisema kipaumbele chake ni wanawake wajawazito na wanaonyonyesha. Hakuna anayepinga kuwalinda kina mama. Tatizo ni kwamba wanawake wa Majengo, ambao miili yao iliufunza ulimwengu sehemu ya sayansi hii, hawakutajwa katika kipaumbele hicho, wala wanaume wanaoshiriki ngono na wanaume wenzao. Kirusi hakisomi orodha ya mfadhili.

Kuna pia suala la usugu, ambalo wizara ya Afya haina budi kulizungumzia bila kuficha. Lenacapavir hutoka mwilini polepole mno. Mtu akidungwa mara moja kisha asirudi, dawa hubaki kwa miezi kadhaa katika kiwango kinachoendelea kushuka, kisichotosha kumkinga bali kinachotosha kukipa kirusi mazoezi. Wale wawili walioambukizwa katika jaribio la pili walikuwa na virusi vyenye badiliko moja katika kapsidi, lijulikanalo kama N74D, linaloifanya dawa isishike. Faraja iliyopo ni kwamba kapsidi ni ganda lisilopenda kuguswa, na mabadiliko mengi yanayoikwepa dawa huidhoofisha pia. Faraja hiyo ina mipaka.

Kwa hivyo kila kliniki itakayodunga sindano hii itahitaji vitu vitatu ambavyo haviji ndani ya katoni moja na dawa: vipimo vya kuaminika vya HIV kabla ya kila sindano, mtu wa kumpigia simu yule ambaye wiki ya 26 imepita bila yeye kuonekana, na maabara inayoweza kusoma jeni za virusi vya wale watakaoambukizwa licha ya kudungwa. Kazi ya pili katika orodha hiyo ilikuwa ikifanywa, katika kaunti nyingi, na wahudumu waliolipwa kwa fedha za Marekani, na wengi wao waliachishwa kazi mnamo 2025.